Kutoka Tarime na Mugumu Hadi Chuo cha Italia: Mwongozo kwa Mwanafunzi na Wazazi Wake

Vyuo vikuu vya umma vya Italia ni kati ya vyuo vichache vya Ulaya ambako mtoto wa mkulima wa Nyamwaga au mfugaji wa Natta anaweza kusoma kwa ada ndogo, akalala bwenini na kula kwa gharama ya serikali ya mkoa. Mlango huo uko wazi kwa mujibu wa sheria. Wanaokwama hukwama kwenye nyaraka: jina limeandikwa namna tatu, kipato cha mzazi hakina ushahidi, tarehe ya mwisho imepita mhusika akiwa kambini JKT. Mwongozo huu unaifuata safari tangu nyumbani hadi mwisho wa mwaka wa kwanza. Utakaa zaidi pale ambapo watu wa kwetu hukwama.

1. Nyoosha jina kabla ya kitu kingine

Majina ya kwetu yanajirudia. Darasa moja linaweza kuwa na Chacha Marwa wawili na Marwa Chacha mmoja. Tahajia nazo hazijatulia: Bhoke huandikwa Boke, Rhobi huwa Robi au Robhi, Ghati huwa Gati. Kijijini hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa kila mmoja anajua wewe ni wa nani. Afisa wa Italia anasoma herufi tu.

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA, kitambulisho cha NIDA na pasipoti kama unayo. Vilinganishe herufi kwa herufi na tarehe kwa tarehe. Vikitofautiana, chukua cheti cha NECTA kama kigezo, maana ndicho kigumu zaidi kubadilisha, kisha vingine vifuate. Aliyezaliwa nyumbani na hajawahi kuandikishwa aanzie RITA kupitia ofisi ya wilaya, Tarime au Mugumu. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili; tofauti kubwa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Pasipoti huombwa mtandaoni, kisha unakwenda Uhamiaji Musoma kwa alama za vidole. Ada yake ni shilingi 150,000.

Kosa la jina hukufuata hadi huko. Namba ya mlipakodi ya Italia, *codice fiscale*, ina tarakimu na herufi 16 zinazotengenezwa kutokana na ubini, jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Herufi moja ikikosewa kwenye pasipoti, kosa hilo litahamia benki, chuoni na kwenye mkataba wa nyumba. Dada, usishtuke ukiona siku yako ya kuzaliwa imeongezwa 40: aliyezaliwa tarehe 5 huandikwa 45. Ndivyo namba hiyo inavyotofautisha wanawake na wanaume.

2. Chagua kozi itakayokufaa ukirudi

Italia ina vyuo vya kale kuliko karibu vyote duniani. Bologna huhesabu mwaka wake wa kuanzishwa kuwa 1088, na Padova 1222. Umri wa chuo usikupumbaze. Tafuta kozi inayofundishwa kwa Kiingereza na inayogusa kitu unachokijua.

Kijana wa Nyamongo aliyekulia kando ya mgodi wa dhahabu aangalie Politecnico di Torino, chuo chenye historia ndefu katika uhandisi wa madini na mazingira. Aliyetoka kwenye kahawa ya milimani Tarime ajue kwamba Trieste ni bandari kubwa ya kahawa, na huko hutolewa shahada ya uzamili ya uchumi na sayansi ya kahawa chini ya Fondazione Ernesto Illy. Trieste hiyo hiyo ina ICTP, kituo cha fizikia na hisabati kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistani, ambacho hutoa stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja na kuwagharimia wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea. Mtoto wa Serengeti anayependa mambo ya kale aangalie Perugia: watafiti wake walishirikiana na Watanzania kuchapisha mwaka 2016 habari za nyayo mpya za watangulizi wa binadamu zilizogunduliwa Laetoli.

Angalia pia mji. Kodi za Milano, Roma na Bologna ni kali. Mei 2023 wanafunzi walipiga mahema nje ya Politecnico di Milano kupinga bei za vyumba. Chuo Kikuu cha Calabria, karibu na Cosenza, kina mabweni ndani ya kampasi, na maisha ya kusini ni nafuu kuliko ya kaskazini.

Uliza pia parokiani. Watanzania waliotangulia Italia kwa wingi ni mapadri na watawa. Laurean Rugambwa, aliyekuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alisomea sheria za Kanisa Roma. Huenda kwenye jimbo lako yupo padri aliyesoma huko anayeweza kukueleza mji na lugha bila kukutoza kitu.

3. Kalenda: mwaka mmoja kabla

Chuo cha Italia huanza Septemba au Oktoba. Hesabu ukirudi nyuma:

- *Novemba hadi Aprili:* omba nafasi chuoni. Vyuo vingi hupokea maombi kwa awamu.
- *Machi hadi Julai:* jisajili kwenye tovuti ya Universitaly. Bila usajili huo ubalozi haupokei ombi la viza ya masomo.
- *Julai hadi mwanzoni mwa Septemba:* omba msaada wa masomo wa mkoa. Tarehe hizi hazisogezwi.
- *Julai hadi Septemba:* viza.

Mhitimu wa kidato cha sita anabanwa hapa. Mtihani ni Mei, JKT huita mara baada ya hapo, matokeo hutoka Julai. Kujaribu kubana yote ndani ya wiki chache ni kujichosha. Panga kuondoka mwaka unaofuata, na miezi ya katikati itumie kukusanya nyaraka na kujifunza Kiitaliano. Aliyeishia kidato cha nne hawezi kuingia moja kwa moja: Italia inadai angalau miaka 12 ya shule, naye ana 11. Kidato cha sita kinakupa 13.

Chuo pia kitataka uthibitisho wa cheti chako, ama hati ya thamani kutoka ubalozini, *dichiarazione di valore*, ama tamko la ulinganifu la CIMEA, kituo cha Italia cha kutambua vyeti vya nje. Kila chuo hueleza kinakubali ipi. Soma kabla ya kulipia.

4. Msaada wa masomo na mji wenye ng'ombe

Sehemu hii isome na mzazi. Kila mkoa wa Italia una shirika lake la msaada wa wanafunzi: Emilia-Romagna ni ER.GO, Piemonte ni EDISU, Lazio ni DiSCo, Toscana ni DSU Toscana. Mashirika haya hutoa fedha, kitanda na chakula kwa kuangalia kipato cha familia. Matokeo ya darasani hufuata baadaye. Kipato hicho hicho huamua ada: kwa sheria ya sasa, mwanafunzi ambaye kipimo cha uchumi wa familia yake, kiitwacho ISEE, hakizidi euro 22,000 husamehewa ada ya chuo cha umma na kubakiwa na kodi ndogo ya mkoa. Kwa wageni vyuo vingine huweka ada ya kiwango kimoja, nayo kwa kawaida ni ndogo.

Wanachotaka uthibitishe ni vitu vinne: wanafamilia ni nani, kila mmoja alipata kiasi gani katika mwaka uliotajwa, nyumba ya familia ina mita ngapi za mraba, na akaunti zilikuwa na kiasi gani tarehe 31 Desemba. Nyaraka zitafsiriwe kwa Kiitaliano na kuhalalishwa.

Masharti hayo yaliandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye hati ya mshahara. Mji wa Kikurya ni kitu kingine. Baba ana wake wawili au watatu, kila mama ana nyumba yake, ng'ombe wengine wako zizini na wengine wamewekeshwa kwa rafiki, mshahara hakuna. Fanya hivi:

- *Wanafamilia.* Iandikie ofisi ya msaada barua pepe, ueleze mji wenu ulivyo, uulize nani wahesabiwe. Jibu lao litunze. Kisha andika jambo lile lile kwenye kila hati. Mama anayetajwa kwenye hati moja na kukosekana kwenye nyingine ataangusha ombi zima.
- *Kipato.* Anza na barua ya mtendaji wa kijiji, igongwe muhuri na mtendaji wa kata, kisha mzazi aape mbele ya hakimu au wakili. Ng'ombe waliouzwa mwaka ule ni kipato: andika wangapi na kwa shilingi ngapi. Kahawa iliyopelekwa AMCOS ina stakabadhi, zitafute. Mwenye duka Sirari apate hati ya TRA.
- *Nyumba.* Chukua futi kamba upime, urefu mara upana. Usikisie.
- *Benki.* Chukua taarifa ya akaunti inayoonyesha salio la tarehe 31 Desemba. Kama mzazi hana akaunti, kiapo kiseme hivyo waziwazi.

Wizara ya elimu ya juu ya Italia pia hutoa orodha ya nchi zenye kipato duni, na Tanzania imekuwa ikihesabiwa humo. Kwa wanaotoka nchi hizo taratibu za kuthibitisha kipato hurahisishwa. Tafuta kifungu hicho kwenye tangazo la mwaka wako kabla hujatumia fedha kwa mawakili.

Uliza ubalozi wa Italia, Dar es Salaam, mihuri ifuatane vipi, kwa kawaida Wizara ya Mambo ya Nje kwanza. Tarime ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar. Kurudishwa kwa muhuri mmoja ni nauli mara mbili na siku nne barabarani. Ukifika Italia, nyaraka hizo utazipeleka CAF, ofisi ya huduma za kodi, ambako watakukokotolea ISEE ya mwanafunzi wa kigeni.

5. Viza, safari na fedha ya kuanzia

Viza ya masomo ya muda mrefu ni aina D, ada yake euro 50. Utaonyesha barua ya chuo, usajili wa Universitaly, makazi, bima na fedha za kujikimu, takribani euro 7,000 kwa mwaka. Barua ya msaada wa masomo inaweza kusaidia hapo. Jiandae kueleza kwa maneno yako kwa nini kozi hii na utaifanyia nini. Anayekuuzia "viza ya uhakika" au "nafasi ya chuo" ni tapeli, hata akiwa jirani. Nafasi hutolewa na chuo, viza hutolewa na ubalozi.

Kwa tiketi, linganisha Mwanza kupitia Dar na Nairobi kupitia Sirari. Kutoka Tarime, Nairobi iko karibu kuliko Dar, na ndege za Addis Ababa hufika Roma na Milano.

Hata ukipewa msaada, fedha ya mkoa huja kwa awamu, na ya kwanza huweza kuchelewa hadi Desemba au zaidi. Nenda na fedha ya miezi minne. Mchango wa ukoo upangwe kwa hesabu hiyo, usiishie kwenye tiketi.

6. Wiki ya kwanza: posta, vidole, bima

Ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia, omba kibali cha kuishi, *permesso di soggiorno*. Bahasha ya fomu huchukuliwa posta bila malipo, kwenye dirisha la Sportello Amico. Gharama kwa kibali cha hadi mwaka mmoja ni stempu ya euro 16, posta euro 30, mchango wa serikali euro 40 na kadi euro 30.46, jumla euro 116.46. Utapewa stakabadhi na siku ya kwenda Questura, ofisi ya polisi, kwa alama za vidole. Kadi yenyewe huweza kuchukua miezi. Stakabadhi ndiyo kibali chako kwa wakati huo, kwa hiyo piga picha na utoe nakala. Ukiwa nayo tu na viza imekwisha, unaweza kwenda nyumbani na kurudi, lakini usipitie nchi nyingine ya Schengen, yaani eneo la Ulaya lenye viza ya pamoja. Pita Addis Ababa au mji mwingine ulio nje ya eneo hilo.

Bima ya afya ya taifa kwa mwanafunzi imepanda tangu 2024 kutoka chini ya euro 150 hadi euro 700 kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba. Ukilipa Oktoba utakuwa umelipia miezi mitatu kwa bei ya mwaka. Wengi hutumia bima binafsi hadi Desemba, kisha Januari hujiunga na ya taifa, ambayo hukupa daktari wako mwenyewe.

Chumba cha mtaani usikilipie kabla ya kukiona wewe mwenyewe au mtu unayemwamini. Dai mkataba uliosajiliwa: bila huo shirika la msaada linaweza kukuhesabu kama mkaazi wa hapo hapo na kukupunguzia fedha.

7. Darasani na kwenye mtihani

Alama ni juu ya 30, na 18 ndiyo ya kufaulu. Shahada hutolewa juu ya 110. Mwaka mmoja una krediti 60. Mitihani mingi ni ya mdomo: profesa ameketi, unaitwa kwa jina, wenzako wamekaa nyuma wakisikiliza. Shule zetu zimetuzoesha kuandika na kunyamaza mbele ya mwalimu, kwa hiyo wengi huganda. Aliyewahi kusimama kwenye ritongo, mkutano wa hadhara wa Kikurya, mbele ya wazee ana nusu ya kazi mkononi: sema jambo kuu kwanza, lete hoja, funga. Jifunze kwa sauti na mwenzako, na nenda kusikiliza mitihani ya wengine, kwa kuwa ipo wazi.

Mtihani una vikao kadhaa kwa mwaka. Mara nyingi unaruhusiwa kukataa alama, yaani ukipewa 19 useme hapana na urudi kikao kijacho. Tumia haki hiyo kwa kiasi, maana tarehe zinakusubiri. Kwa kanuni ya kawaida mwenye msaada wa masomo wa mwaka wa kwanza hutakiwa kuwa na krediti 20 kufikia tarehe 10 Agosti. Kibali cha kuishi nacho hakihuishwi bila angalau mtihani mmoja mwaka wa kwanza, na miwili kila mwaka unaofuata.

8. Kula, baridi na kazi

Mensa, yaani bwalo la chuo, ndiko kwenye chakula cha bei nafuu. Kwa ugali, nunua unga wa polenta dukani. Ni mahindi, ila chagua uliosagwa laini. Mihogo, bamia na ndizi za kupika utazikuta Porta Palazzo kule Torino au soko la Esquilino karibu na stesheni ya Termini, Roma. Mtindi usio na sukari upo kila duka.

Baridi ya Tarime asubuhi haikuandai kwa Januari ya Torino. Koti zito nunua mitumba Sirari kabla ya kuondoka, ambako halina mnunuzi na bei ni ya chini. Kabla ya kupanga chumba, uliza kama joto la nyumba limo ndani ya kodi. Miji ya kaskazini kama Milano na Torino huruhusiwa kuliwasha kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Aprili.

Sheria inakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, zisizozidi 1,040 kwa mwaka. Kataa kazi isiyo na mkataba. Ukiumia au usipolipwa utakosa pa kushika.

9. Lugha na watu

Kozi ni ya Kiingereza, lakini posta, Questura na mwenye nyumba wanasema Kiitaliano. Anza nacho ukiwa nyumbani. Ukifika, vyuo vingi hufundisha bure, na CPIA, shule za serikali za watu wazima, hufundisha kwa bei ndogo. Ukiingia popote sema *buongiorno* kwanza, kama unavyoanza na salamu kwetu. Profesa haitwi kwa jina lake.

Kiswahili chako nacho ni mali. Chuo cha L'Orientale, Napoli, kinakifundisha. Huko Elena Bertoncini Zúbková alitumia miaka mingi kuichambua fasihi yetu, na waandishi kama Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe wanasomwa. Ukiwa Napoli, wanafunzi wake ni marafiki wa kubadilishana lugha.

Ubaguzi upo. Chumba kilichokuwa wazi kwenye simu kinaweza "kuchukuliwa" wakikuona. Usipigane. Andika tarehe, mahali na maneno, na piga UNAR, ofisi ya serikali ya kupinga ubaguzi, namba 800 90 10 10. Kwa dharura yoyote ni 112. Jiandikishe pia ubalozi wa Tanzania, Roma.

10. Kikao cha nyumbani kabla ya kuondoka

Mtu akifika Ulaya, kijijini huhesabiwa tajiri siku hiyo hiyo. Baba mdogo ataomba ada, shangazi dawa, rafiki nauli. Waite wazazi na wajomba kabla ya safari, waeleze hesabu kwa euro na shilingi: kodi, bima, kibali. Semeni wazi kwamba miaka ya masomo hakuna kutuma fedha, na mzazi mmoja awe msemaji. Simu zipangwe: majira ya baridi Tanzania iko mbele kwa saa mbili, majira ya joto kwa saa moja.

Ukimaliza, sheria inakupa kibali cha miezi 9 hadi 12 cha kutafuta kazi huko. Ukichagua kurudi, chukua nakala zote za shahada pamoja na nyongeza yake yenye orodha ya masomo, uzipeleke TCU zitambuliwe. Wahandisi na madaktari wana bodi zao pia. Faili lako la viapo, tafsiri na mihuri liache kwa mwalimu wa taaluma wa shule uliyosoma. Anayekufuata atakuwa na mfano wa kushika, na hatalipa nauli ya Dar mara mbili.